Mswahili wa Rumonge: Historia ya Neno Moja Ufukoni mwa Tanganyika

Swali la "Mswahili ni nani?" si geni kwa walimu wa Kiswahili. Mwaka 1971 Carol Eastman aliliuliza katika jarida la Africa, na mwaka 1975 William Arens akalirejea katika jarida hilo hilo baada ya kufanya utafiti wake Mto wa Mbu, mji mdogo wa bara ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff wakaliandikia kitabu kizima mwaka 1994. Pamoja na hayo yote, mjadala huu aghalabu umebaki Lamu, Mombasa, Unguja na vitongoji vyake. Watu wa bara wametajwa kwa kupitiwa tu, kama waliojiazima jina la wenyewe. Katika makala haya twataka kulihamisha swali hilo hadi Rumonge, mji wa Burundi ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 75 kusini ya Bujumbura. Huko hausikiki mvumo wa Bahari ya Hindi, lakini neno Mswahili hutamkwa kila siku, tena kwa maana ambazo mtu wa Mvita pengine asingezitambua.

Kilichotusukuma kuandika ni kisa cha mwalimu mwenzetu aliyefundisha upande ule. Siku moja, alipokuwa akieleza ngeli ya kwanza, aliandika ubaoni kwamba Mswahili ni mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kuzaliwa. Hakutazamia ubishi, sentensi yenyewe ilikuwa ya kuonyesha upatanisho wa viambishi tu. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akasema kwamba jirani yao ni Mswahili, naye nyumbani kwake huzungumza Kirundi. Wa pili akasema baba yake amezungumza Kiswahili tangu utotoni, lakini haitwi Mswahili kwa sababu ni Mkatoliki. Wa tatu, kwa sauti ya chini, akasema kuwa bibi yake humkanya asilete "Uswahili" nyumbani, yaani asiseme uongo. Mwalimu akaifuta sentensi yake, akaandika nyingine juu ya mkulima na jembe.

Hatumlaumu mwenzetu. Muda wa kipindi ulikuwa mfupi na ngeli zilikuwa bado nyingi. Walakini wanafunzi wale watatu walikuwa wameeleza, bila kujua, historia ya miaka mia na hamsini.

Katika Kirundi mtu huyo ni umuswahili, wengi wao ni abaswahili, na lugha yao ni igiswahili. Maumbo haya hayatusumbui: ni viambishi vile vile tuvijuavyo, ila Kirundi kimehifadhi irabu ya mwanzo. Taabu imo katika maana. Iliyo wazi kuliko zote ni ya dini. Mtu wa milimani akisilimu husemwa kuwa amekuwa Mswahili, hata kama Kiswahili chake hakizidi salamu. Maana nyingine ni ya makazi. Mrundi akiulizwa kwao hutaja kilima. Kilima ndicho anwani yake, na ndiko liliko shamba la baba yake. Mswahili hutaja mtaa. Katika Bujumbura mtaa huo kwa desturi ni Buyenzi, na katika Rumonge ni zile nyumba zilizosongamana baina ya soko na maji. Na kwa kuwa asiye na kilima huonekana kama asiye na kwao, neno limebeba pia maana ya mtu wa kuja. Twasema sisi kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekaa vizazi vinne na vitano, jembe amekwisha kulishika, na nyavu pia, lakini bado huulizwa alitoka wapi.

Hatimaye iko maana isiyopendeza, ile ya bibi wa mwanafunzi wa tatu: mwerevu wa hila, mtu mwenye maneno mengi ambaye ukinunua kwake yafaa uhesabu chenji mara mbili. Maana hii msomaji wa Dar es Salaam anaijua, kwa kuwa huko pia husemwa kwamba fulani "ni Mswahili sana" bila kukusudia kumsifu. Tutaona kwamba maana hizo mbili za hila, ya bahari na ya ziwa, si lazima ziwe zimetoka mahali pamoja.

Chimbuko la neno lafahamika. Sawahil ni wingi wa sahil katika Kiarabu, yaani ukingo wa bahari, pwani. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil alipokuwa akieleza mahali kilipo kisiwa cha Mombasa. Kwa hiyo tangu mwanzo hili ni jina la mahali, tena jina lililotolewa na mtu aliyetazama kutoka chomboni. Wenyeji wa pwani wenyewe kwa muda mrefu walipendelea kujiita kwa miji yao: Waamu, Wapate, Wamvita, Wangazija. Karne ya 19 baadhi ya wasafiri wa Ulaya waliandika hata chimbuko la mzaha lililosemwa na watu, kwamba neno latokana na "sawa hila". Kwa elimu ya lugha hilo halina uzito wowote. Lakini lathibitisha kwamba shutuma ya ujanja ilikuwa imekwisha kuambatana na jina hilo kule baharini, kabla halijakaa Burundi.

Jina hili lilifikaje ziwani? Hapa hatuna budi kupitia Ujiji. Kabla ya katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikwisha kufanya makao Ujiji, na Burton na Speke walipofika hapo Februari 1858 waliwakuta. Kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kaskazini kwa kufuata ufuko wa Urundi, ikitia nanga usiku mahali palipokuwa na usalama, hadi Uvira na mdomo wa Rusizi. Ndiyo njia waliyofuata Livingstone na Stanley Novemba 1871 walipokwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Jiwe la ukumbusho wa safari yao liko Mugere, kusini ya Bujumbura, nalo wageni wengi hudanganyika wakidhani kwamba ndipo waliposalimiana kwa mara ya kwanza. Walisalimiana Ujiji.

Sasa tuangalie jambo ambalo kwa mwalimu wa lugha lina faida. Watu waliopiga makasia na kubeba mizigo katika safari hizo hawakuitwa Waswahili. Stanley katika vitabu vyake huwaita Wangwana. Mngwana ni mtu huru, kinyume cha mtumwa, na si siri kwamba wengi waliojiita hivyo walikuwa wametoka utumwani, wao au wazazi wao. Jina lilikuwa dai: mimi nimevaa kanzu, nasali, nasema lugha ya pwani, basi usiniguse. Kule ng'ambo ya magharibi, katika Kongo, jina hilo lilidumu. Waislamu wa Maniema na Kivu waliitwa Wangwana, na Kiswahili chao kikajulikana kuwa Kingwana. Ziwa ni moja, wavuvi ni ndugu, na kutoka Rumonge rasi ya Ubwari huonekana siku ya hewa safi. Hata hivyo ng'ambo ile mtu huyu alikuwa Mngwana, na ng'ambo hii akawa Mswahili.

Sababu yake, kwa maoni yetu, ni ya kiserikali. Kongo ya Wabelgiji iliwakuta Wangwana wakiwa watawala wa nchi, ikapigana nao, ikaurithi msamiati uliokuwapo. Ufuko wa Urundi uliingia katika himaya ya Wajerumani, ambao tangu Tanga hadi Ujiji walikuwa wamekwisha kuandika katika daftari zao neno moja tu, Suaheli. Neno lilikuja na daftari. Lakini tusitangulize mambo, kwa kuwa kabla ya Wajerumani palitokea tukio moja Rumonge lililoielekeza maana ya neno kwa muda mrefu.

Mwaka 1879 wamisionari wa Kikatoliki, wale waitwao Mapadre Weupe, walifika Rumonge kutoka Ujiji wakajenga kituo. Ulikuwa ni mmoja wa misheni za kwanza kabisa katika nchi ambayo leo ni Burundi. Mwezi Mei 1881 watatu kati yao, Deniaud, Augier na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa katika mapigano na wenyeji, na kituo kikaachwa. Kanisa lilipokuja kuanza tena na kudumu lilianzia kwingine, Muyaga upande wa mashariki mwaka 1898 na Mugera katikati ya nchi mwaka 1899. Hivyo Ukristo wa Burundi ulikulia milimani, nao Uislamu ukabaki na ufuko. Laiti kituo kile kingaliishi, pengine Rumonge ingalikuwa na seminari, na neno Mswahili lisingalipata nafasi ya kuwa jina la dini. Hatuwezi kulithibitisha jambo lisilotokea, lakini mgawanyiko huu wa ardhi baina ya dini mbili ndio uliomfanya mtu wa milimani aone vitu vitatu, ziwa, lugha na sala, kuwa kitu kimoja.

Yafaa kukumbuka pia jinsi milima ilivyolitazama ziwa. Uwanda wa Imbo una joto na homa, na mtu wa juu aliuogopa. Ndani ya hofu hiyo wakaingia watu wa Ujiji na bunduki zao. Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuutawala ufuko wa kaskazini mpaka Uzige, lakini ufalme wa Mwami Mwezi Gisabo haukuwaacha wafanyabiashara hao kupanda milimani. Burundi ni mojawapo ya nchi chache za eneo hili ambamo misafara ya watumwa haikupata njia ya katikati. Ni jambo la fahari kwa Warundi, na kwa haki. Ila gharama yake kwa neno letu ilikuwa hii: Mswahili alijulikana kwanza kama adui wa mpakani, kabla hajajulikana kama jirani.

Baada ya Wajerumani kuweka boma lao Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Mswahili alipata sura mpya. Askari walikuja na Kiswahili, mkalimani alikuwa wa Kiswahili, karani aliandika kwa Kiswahili. Mwaka 1903, kwa mapatano ya Kiganda, Mwezi Gisabo alilazimika kukiri utawala wa Wajerumani, na tangu hapo amri ya serikali ilimfikia mtu wa kilimani kwa mdomo wa mtu wa ziwani. Kila mwalimu aliyewahi kukalimani anajua aibu ya kazi hiyo: lawama ya maneno humwangukia aliyeyatamka. Kodi ilidaiwa na Mjerumani, lakini aliyesikika akiidai alikuwa Mswahili. Na kama mkalimani aliongeza lake kidogo njiani, kama walivyofanya wakalimani wengi wa dunia, basi sifa ya hila ilipata ushahidi.

Juni 1916 Wabelgiji waliitwaa Usumbura. Utawala wao katika Ruanda-Urundi uliegemea juu ya mwami na machifu wake, Kirundi katika makanisa na shule za chini, na Kifaransa kwa wachache. Kiswahili hakikutakiwa milimani. Waliokizungumza walikusanywa mitaani nje ya mamlaka ya machifu wa kimila. Buyenzi, kwa mfano, ulikuwa mtaa wao Usumbura. Katika daftari la serikali mtu wa mtaa huo hakuwa Mzungu, hakuwa Mwasia, na hakuwa mwananchi wa mwami sawasawa. Rumonge ilikuwa ndogo kuliko Usumbura, lakini hapo pia mji wa ufukoni ulitengana na vilima vya nyuma yake kwa dini na kwa kazi. Ndani yake walikuwamo Wabwari na Wabembe waliovuka kutoka ng'ambo, Wamanyema, Wajiji, na Warundi waliosilimu. Kwa hakika hili la mwisho hutajwa kwa nadra. Katika mitaa ya "wageni" walikuwamo watu ambao kilima chao kilionekana kutoka mlangoni mwao.

Elimu nayo ilitia muhuri. Shule zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe kubatizwa hakumpeleka. Matokeo yake ni kwamba vijana hawa walikwenda kwenye kazi zisizohitaji cheti: udereva, ushoni, ufundi wa magari, uvuvi, uchuuzi wa ndagala na mawese. Hapo ndipo tunapodhani maana ya hila ilikomaa Burundi kwa sababu zake yenyewe, bila kuhitaji kuazima kutoka Zanzibar. Mkulima aliteremka na mafuta yake ya mawese au mihogo, akakutana na mnunuzi ambaye bei huifanya kuwa mchezo wa maneno. Adabu ya Kirundi huheshimu kunyamaza na kupima neno kabla ya kulitoa. Adabu ya soko la Rumonge ni kuanza juu, kucheka, kuapa, kuondoka, kuitwa tena. Kila mmoja alirudi kwake akiamini kwamba mwenzake hana malezi. Aliyepata neno la kumwitia mwenzake ni yule wa milimani, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wengi.

Na hapa twaomba tuchepuke kidogo, kwa sababu jambo lenyewe hutufurahisha. Mrundi asiyetaka "mambo ya Kiswahili" humpeleka mtoto ishule, naye hubeba igitabo na ikaramu; saa ya ukutani ni isaha, sabuni ya kufulia ni isabuni, siku ya biashara huenda isoko, na dini yake mwenyewe, iwe ya Roma au ya Wapentekoste, huiita idini. Maneno haya yamevaa irabu ya mwanzo, yakapokelewa ukoo, na hakuna anayeyauliza yalitoka wapi. Shule yenyewe ilikuwa ya Mjerumani kabla ya kuwa ya Mswahili, na kitabu kilikuwa cha Mwarabu. Neno likivuka, huridhiwa uraia mapema kuliko mtu aliyelibeba.

Kulikuwa na kipindi kimoja ambacho jina lilielekea kubadilika kuwa la heshima. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na alipokiongoza chama cha UPRONA alipata marafiki wengi miongoni mwa Waislamu wa Usumbura. Kwa wakati huo mtaa uliokuwa haumo katika mpango wa machifu uligeuka kuwa na faida: haukumwogopa chifu, ulikuwa na madereva waliojua kila njia, na ulikuwa na lugha ya kuzungumza na TANU ya Julius Nyerere ng'ambo ya mpaka. UPRONA kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore akauawa. Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, waliokuwa wamemwamini walibaki bila mtu wa kuwatetea waziwazi, na swali la zamani likarudi: hawa ni raia wa wapi?

Tumefika sasa kwenye sehemu ambayo hatuwezi kuipita upesi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Jibu la serikali ya Michel Micombero lilienea nchi nzima na kudumu kwa miezi kadhaa. Liliwalenga Wahutu, hasa waliosoma, na waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huyaita mambo hayo Ikiza, yaani balaa. Ufuko wa Rumonge ulibaki mtupu. Waliosalimika walivuka kwa mitumbwi usiku kwenda Zaire, au walifuata ufuko kwenda Kigoma. Nyuma yao mashamba na michikichi vilipewa watu wengine, na sehemu nyingine ziliingizwa katika mipango ya serikali ya mafuta ya mawese.

Tanzania iliwapeleka wakimbizi hao Ulyankulu katika Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Watoto wao walisoma shule za msingi za Tanzania, kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, wakajifunza hesabu, siasa na mashairi kwa lugha hiyo. Wengi walikuwa Wakristo, nao hawakuishi mtaa wowote wa Waswahili. Walilima mahindi na tumbaku porini. Kule jina lao lilikuwa moja: Warundi.

Baada ya mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 kurejea kulianza kuwezekana, na katika miaka ya 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 wa mwaka 1972 na wazao wao walirudi Burundi. Zaidi ya 160,000 walichagua uraia wa Tanzania. Waliorejea Rumonge na Nyanza-Lac walikuta ardhi yao ina watu waliokaa juu yake zaidi ya miaka thelathini, na mara nyingi watu hao walipewa kwa karatasi halali ya serikali. Tume ya taifa ya ardhi, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza maelfu ya mashauri. Wasiokuwa na pa kwenda walijengewa vijiji kama kile cha Mutambara katika Rumonge.

Katika mashauri hayo lugha haikuwa jambo dogo. Fikiria mtu wa miaka thelathini na mitano aliyezaliwa Ulyankulu, amesimama mbele ya wazee kueleza mpaka wa shamba la babu yake. Mpaka hutajwa kwa mti, kijito, kaburi, na kwa Kirundi cha mahali hapo. Yeye Kirundi chake ni cha kambini, kimechanganyika na "shamba", "mpaka", "cheti". Kila mara anapoteleza katika Kiswahili anampa mpinzani wake hoja: huyu si wa hapa. Mpinzani hahitaji kusema zaidi, kwa kuwa neno liko tayari lililofinyangwa kwa miaka mia. Ndipo Mkristo, mkulima, mwenye kilima, asiyejua hila za soko hata kidogo, naye akaitwa Mswahili. Dini ilikuwa imetoka katika neno, mtaa umetoka, biashara imetoka. Iliyobaki ni ile maana ya mtu wa kuja peke yake, tena dhidi ya mtu aliyekuwa akirudi.

Wakati huo huo, na hapa ndipo ajabu ilipo, lugha yenyewe ilikuwa ikipanda cheo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kikawekwa katika masomo ya shule za msingi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Mzazi wa Bujumbura asiyependa kuitwa Mswahili sasa hununua kitabu cha Kiswahili kwa ajili ya mwanawe, akitumaini kazi Arusha au biashara Dar es Salaam. Kiswahili kimepata cheti. Mswahili bado hajakipata. Rumonge yenyewe iliwahi kuwa makao makuu ya mkoa, tangu 2015 mpaka mikoa ya nchi ilipopunguzwa kuwa mitano mwaka 2025, na mji umekua. Lakini katika darasa moja hukaa mtoto wa Mwislamu wa ufukoni, mtoto wa aliyerejea kutoka Katumba, na mtoto wa aliyepewa ardhi mwaka 1973. Mwalimu akiuliza swali kwa Kiswahili wa kwanza kunyosha mikono ni wale wawili wa mwanzo. Akirudi kwenye Kifaransa mikono hiyo hushuka. Alama ya Kiswahili iliyo nzuri kupita kiasi huwa nayo ni ushahidi wa ulikotoka.

Kwa hiyo kufundisha Kiswahili Rumonge si sawa na kukifundisha Morogoro, na vitabu vilivyotungwa kwa Morogoro havitoshi. Kitabu kinachoanza na "Mimi ni Mswahili" katika sura ya kwanza kimekwisha kuwagawa watoto kabla ya zoezi la kwanza. Wala hatukubaliani na wenzetu wanaosema kwamba dawa ni kulipiga marufuku neno hili darasani na kusema "mzungumzaji wa Kiswahili" badala yake. Mtoto atalisikia neno njiani anaporudi nyumbani, nalo litakuwa na nguvu zaidi kwa kuwa shule ililiogopa. Afadhali litajwe, na historia yake itajwe pamoja nalo. Kwa watunga kamusi tunalo ombi: pale penye kidahizo cha Mswahili ziongezwe maana za bara, kila moja na mahali pake, kama zifanyiwavyo haki maana za kilimwengu za maneno mengine.

Mwalimu yule tuliyemtaja mwanzoni alilirudia jambo lake baada ya wiki chache. Safari hii hakuandika maana yoyote ubaoni. Aliwataka wanafunzi waulize nyumbani ni nani katika jamaa au majirani huitwa Mswahili na kwa nini, kisha waandike sentensi tatu. Wengi waliandika juu ya dini, wengine juu ya fundi cherehani, mmoja juu ya mjomba mwenye deni. Msichana mmoja aliandika kwamba Mswahili ni bibi yake mzaa baba, aliyezaliwa Rumonge, akakaa Ulyankulu miaka thelathini na sita akiitwa Mrundi, na aliporudi akaitwa Mswahili. Mwalimu alisahihisha kosa moja la upatanisho, akampa alama zote zilizobaki.

Tungependa walimu walio Uvira, Baraka, Kigoma na Ujiji watuandikie. Hasa twataka kujua kama neno Mngwana lingali likisikika kwa vijana au limebaki kwa wazee tu, na kama mvuvi wa Rumonge anapovuka mpaka Baraka kuuza samaki wake hubadilishiwa jina na wenyeji wa ng'ambo, au huenda nalo lile lile.